Tope la Upande wa Bomba

Kunuka kuna daraja zake, na Zahraa alizijua zote, maana ndiyo kazi aliyosomea. Tope jipya linanuka mvua. Tope la mwaka mmoja linanuka majani yaliyooza. Lakini tope lililolala miaka ishirini chini ya maji yaliyosimama, bila hewa, hilo jamani linanuka yai viza lililopasukia ndani ya kiatu. Na asubuhi ile ya Oktoba, huko Thornhill, kitongoji cha ughaibuni, pampu zilipomaliza kuvuta maji ya bwawa na jua likalipiga tope, uvundo ulipanda ukamfuata mpaka aliyefunga madirisha. Jirani mmoja alitoka na mbwa wake, akavuta pumzi moja, akageuka kurudi ndani. Mbwa ndiye aliyetaka kubaki.

Mabwawa yale usiyaone hivi. Kila mtaa mpya una lake, limechimbwa kwa mashine, limezungushiwa majani marefu, bata wanaogelea, na madalali wanauza nyumba kwa kusema zinatazama maji. Laiti wangesema maji gani! Bwawa lile ni choo cha barabara. Mvua ikinyesha au theluji ikiyeyuka, maji yanaosha kila kilichoachwa nje: vumbi la breki, zinki ya matairi, mafuta yaliyodondoka, chumvi ya kuyeyushia barafu, mbolea ambayo watu wazima wenye akili zao wanaimwagia nyasi wasizozila, na kinyesi cha mbwa. Vyote vinashuka kwenye matundu ya barabarani, vinapita bombani, vinaingia bwawani. Humo maji yanapunguza mwendo na kila kizito kinazama. Yanayotokea upande wa pili kwenda kijitoni yana nafuu kidogo. Bwawa limechimbwa ili likamate uchafu usifike ziwani, na likishakamata haliachii.

Kila baada ya miaka kadhaa linajaa, linakaushwa, na tope linachimbwa. Zahraa kazi yake ilikuwa kulipima kabla halijapakiwa kwenye malori. Upande wa mbali na upande wa kati alikwisha kuzipima wiki iliyopita, na majibu ya maabara yalikuwa mazuri: tope la huko lingekwenda kutandazwa kwenye shamba moja kaskazini mwa mji. Ulibaki upande wa bomba, maji yanapoingilia, ambao ndio umekauka siku hiyo. Kila upande unapimwa peke yake. Kuchanganya chafu na safi ili chafu lipite, sheria inakataza.

"Dada Zahraa, kuya kwanza!"

Aliyeita ni Gervais, dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Mtu wa Uvira, mrefu, mlokole, ambaye siku ya kwanza alipomsikia Zahraa akilaani kwa Kiswahili alizima mashine ili acheke vizuri. Sasa alikuwa hacheki. Alikuwa amesimama kwenye ukingo, mikono nyuma, kama mtu aliyeona nyoka.

"Hii ni nini banatupa humu? Iko chupa za dawa, na ndani iko makaratasi. Iko mingi. Miye sigusi. Kwetu ukiona hivi, unakimbia unaita pasta."

Zahraa alitazama. Katikati ya tope jeusi, mbele ya mdomo wa bomba, vichupa vya plastiki vya duka la dawa vilikuwa vimechomoza vifuniko vyeupe, makumi kwa makumi. Hakuhitaji kukisogelea hata kimoja.

"Si uchawi, Gervais. Ni barua."

"Barua ya nani?"

"Za kwetu. Usiku wa nusu ya Shaabani tunaandika haja zetu, tunazipeleka kwa Imamu wa Zama, yule aliye ghaibu, atuombee kwa Mwenyezi Mungu. Tunaita ariza. Zinatiwa kwenye maji yanayokwenda."

Gervais alivua kofia yake ya kazi. Alikuwa mtu wa dini, na jambo la dini hata likiwa la mwenziwe hakulifanyia mzaha.

"Maombi," alisema polepole. "Ndani ya hii mavi?"

Zahraa aligeukia mdomo wa bomba. Angejibu nini?

Ukweli ni kwamba alijua. Aliolewa kwenye nyumba ile miaka sita nyuma, akaletwa kutoka Tanga, na Shaabani ya kwanza tu alimfuata baba mkwe wake, Mzee Ghulamabbas, mpaka kwenye bwawa hili, pamoja na zile familia kumi na nne zinazokutana kwake kila Alhamisi kwa majlisi, kikao cha mawaidha na dua. Mzee ndiye aliyelichagua. Zamani walikuwa wakiendesha gari mpaka ziwani, wakipigwa na upepo, wakizunguka kutafuta pa kuegesha, watoto wakilia. Siku moja Mzee akasema mbona maji yapo hapa hapa, dakika nne kutoka mlangoni, nayo yanatiririka kutoka bombani? Watu wakashukuru. Na miaka hii ambayo Shaabani imeangukia kwenye baridi kali, bwawa lote likiganda, mbele ya bomba paliachwa duara la maji meusi yasiyoganda. Mzee alilionyesha kwa kidole, machozi yakimlengalenga: "Mnaona baraka?"

Baraka gani! Chumvi. Chumvi ya barabarani inazuia maji yasigande, kisha kwa uzito wake inazama, inalala juu ya tope kama mfuniko, hewa haipiti. Tope lisilopata hewa linaoza jeusi, linaachia mbolea iliyokuwa imeshikwa humo, na ikifika Julai bwawa linavaa utando wa kijani unaonuka. Zahraa aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Mwaka wa pili alijaribu kusema. "Baba, maji haya si mazuri." Mzee akatabasamu. "Maji ya mvua ni rehema, binti." Naye, bi harusi, akainamisha kichwa. Badala ya kusema lote akasema nusu: jamani, tusitie plastiki, inadhuru viumbe, tufunge ariza kwenye donge la unga kama walivyofanya wazee. Hilo lilipendeza. Akina mama wakamsifu, msomi wetu, mwenye imani na elimu. Miaka minne karibu wote wakafunga kwa unga, isipokuwa wabishi wachache na vichupa vyao.

Naye alifunga kwa unga. Miaka miwili mfululizo alikanda donge kwa mikono yake, ndani limo jina la mama yake aliyekuwa Tanga akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akiomba viza itoke waonane kabla mama hajaondoka duniani. Mama akaondoka kwanza. Mwaka wa tatu aliandika jina lile lile, akimwombea nuru kaburini, akalikanda, akalitupa pale pale. Ukimuuliza kwa nini, na elimu yote ile, hatakujibu. Wote walikuwepo, na ilikuwa rahisi.

Akampigia simu baba mkwe.

Mzee Ghulamabbas alifika upesi, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa, kofia ya sufi kichwani. Alikuwa na duka la vitambaa Tanga enzi zake, na mpaka leo alitembea kama mtu anayekwenda kufungua duka. Alipofika kwenye uzio aliweka leso puani. Alitazama vile vifuniko vyeupe muda mrefu.

"La haula," alisema. "Havikwenda?"

"Haviendi popote, Baba. Hapa hakuna kinachokwenda. Maji yanapita, vitu vinabaki."

"Kumi na moja," alisema Mzee. "Miaka kumi na moja." Kisha akageuka kwa ukali, maana aibu ya mtu mzima hutokea mlango wa hasira. "Na hili tope linapelekwa wapi?"

"Likipita kipimo, shambani. Lisipopita, jaani."

"Jaani vipi?"

"Jaani, Baba. Linafukiwa na takataka. Na mapampasi."

Leso ilimwanguka Mzee mkononi. "Majina matukufu ya Maasumini," alisema. "Na mapampasi."

"Chupa tutaziokota zote."

"Na za unga?"

Zahraa alikaza macho kwenye viatu vyake vya mpira. "Za unga hazipo tena. Zimeyeyuka. Zimekuwa hilo tope lenyewe."

Basi wakasimama hapo wawili wanavuta uvundo ule. Hewa ya namna ile huivuti, inakuingia yenyewe. Inakaa kooni, ukimeza mate unaimeza. Zahraa alikwisha zoea matope ya watu wengine. Hili lilikuwa na mama yake ndani.

"Upande ule kule," Mzee alisema, sauti imeshuka, "ulisema tope lake limepita?"

"Limepita."

"Basi chukua la kule. Uandike la hapa."

"Baba!"

"Kopo moja la tope, binti! Nani atakufa kwa kopo moja? Lende shambani, lirudi kwenye ardhi ya Mungu kwa heshima, liote kitu. Kuna ubaya gani? Au unataka jina la mama yako likalale na mavi ya watoto wa watu?"

Hapo alimpata. Alijua pa kugusa, na alipagusa.

Gervais alikuwa amekaa kwenye mnyororo wa mashine anakula mkate, jambo ambalo Zahraa hakuwahi kulielewa, mtu anawezaje kula pale. Alisikia kila neno. Akafuta midomo.

"Mzee, samahani. Lile shamba miye nalijua. Mwaka jana nilibebaga tope kule. Wanapanda mahindi ya ng'ombe. Ng'ombe ya maziwa." Akamega mkate. "Chai ya maziwa miye nakunywa kila asubuhi. Weye hunywi?"

"Wewe endesha mashine yako," Mzee alimkata kauli.

"Nimesema tu, Mzee. Mafuta ya motokaa ikiingia katika udongo haitoki. Hata ukiombea."

Zahraa alichukua kopo la kioo, akaanza kutembea. Hatua sitini, si zaidi, kutoka bombani mpaka upande wa mbali. Kila hatua alijisemea kitu. Kwamba tope lote lingechanganyika tu huko shambani. Kwamba kipimo ni namba iliyowekwa na watu. Kwamba mama yake alikuwa mtu safi, mwanamke aliyekuwa akifua kitambaa cha kufutia meza mara mbili, na haifai, haifai kabisa. Alifika, akachota, akafunga, akaandika kwenye karatasi ya kopo: UPANDE WA BOMBA. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote.

Akafungua kopo tena akalinusa. Lilinuka mvua. Tope la watu, jema, la rangi ya kahawa, halina hatia yoyote, na yeye amelibandika jina la uongo. Alihisi kinyaa kikimpanda kutoka tumboni, na safari hii hakikutoka puani. Alijionea kinyaa mwenyewe. Mara ya kwanza alisema nusu ya kweli, familia kumi na nne zikatia maombi kwenye choo. Sasa alikuwa anakwenda kuitia ile nusu nyingine kwenye maziwa ya watoto wasiomjua.

Akalimwaga. Akalisugua kopo kwa majani, akabandua ile karatasi, akarudi. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwambia Mzee aliposikia Gervais akipiga kelele.

"Mzee! Mzee, toka! Inameza watu hiyo!"

Mzee Ghulamabbas alikuwa ameingia. Na viatu vyake vile vile, na suruali ya pasi. Alikuwa amezama mpaka mapajani, hatua tano kutoka ukingoni, anaokota vichupa na kuvitia kwenye kofia yake ya sufi, akiomba istighfari kwa sauti. Kila akijinasua mguu mmoja, tope lilitoa mlio wa kufyonza na povu la uvundo mpya.

"Baba, simama hapo hapo! Usisogee!"

"Nimeona moja ya unga!" alijibu, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtoto. "Binti, hazikuyeyuka zote! Hii hapa nzima!"

Alichomoa kitu kutoka kwenye tope, donge laini, jeusi kwa nje, la ukubwa wa andazi. Alilipangusa kwa mkono. Kisha akafanya vile ambavyo kila mtu wa madhehebu yake hufanya kwa kitu kilichobeba jina tukufu: akaliinua, akaligandamiza kwenye paji la uso.

Likapasuka.

Haikuwa ariza. Ulikuwa ule mfuko mwembamba ambao watu wa mtaa wanaokotea kinyesi cha mbwa wao, wanaufunga fundo kwa adabu, kisha asipowaona mtu wanautupa kwenye tundu la barabarani. Ulikuwa umekaa humo sijui miaka mingapi, umefungwa vizuri, hakuna kilichopotea. Kilichokuwa ndani kilimtiririka Mzee usoni, kikapita kando ya pua, kikaingia kwenye ndevu zake nyeupe alizozichana asubuhi.

Mzee alibaki ameinua mkono. Alijua ni nini. Pua haihitaji kuambiwa. Na aliyekulia kwenye dini ile anajua kwamba katika najisi zote, ya mbwa ndiyo asiyotaka hata imguse ukosi. Akatapika, akajitapikia, akatapika tena mpaka kikabaki kilio kikavu. Vichupa vyote alivyokuwa ameokota vilimdondoka vikarudi topeni.

Gervais aliteremsha ndoo ya kijiko taratibu kama anayeweka mtoto kitandani, Mzee akaishika, akavutwa nje. Kiatu kimoja kilibaki humo. Wakamkalisha kwenye jiwe, Gervais akaleta mpira wa maji safi kutoka kwenye lori la kuoshea, akamwosha uso, na ndevu, na masikio, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mzee alikuwa ananyoosha kidole tu, tena, tena. Gervais alimwosha bila kukunja uso. Alimwosha kama baba yake.

Wakati huo Zahraa alikwenda kwenye mdomo wa bomba. Alichota tope la pale, jeusi, linalong'aa mafuta kwa juu rangi za upinde wa mvua, akajaza kopo lile lile, akaandika jina lile lile. Aliporudi Mzee alikuwa anamtazama.

"Ulikwisha chukua," alisema, sauti haina nguvu.

"Lile nimelimwaga, Baba."

Alingoja matusi. Mzee alijifuta ndevu kwa kiganja, akakinusa kiganja, akakifuta kwenye suruali ambayo nayo haikuwa na pa kufutia.

"Yule kijana kasema ng'ombe wa maziwa."

"Ndiyo."

"Andika ulichokiona," alisema Mzee Ghulamabbas, akafumba macho ili aoshwe tena.

Majibu yalitoka Jumatano. Mafuta yalipita kiwango mara nne, zinki mara mbili. Zahraa alitia sahihi, na asubuhi ya pili malori tisa yalipakia tope la upande wa bomba, yakafunikwa maturubai, yakaenda jaani. Alisimama akayahesabu mpaka la mwisho. Alilia, na hakujua analilia tope au mama, na nadhani haina haja ya kutenganisha.

Jioni ya siku ile ilikuwa Alhamisi. Familia zote kumi na nne zilijaa chini ya nyumba ya Mzee, kwenye chumba cha ardhini kilichotandikwa mazulia, wanaume upande huu wa pazia, wanawake upande ule. Majlisi ilipokwisha, kabla chakula hakijateremshwa, Mzee alisimama. Mbele yake aliweka beseni la vichupa sitini na mbili, ambavyo yeye na Gervais walivitoa kwa wavu wa mpini mrefu, vikaoshwa mpaka mikono ikachubuka.

Alisema yote. Hakujitetea. Alisema maji yale yanatoka wapi, na yana nini, na kwamba yeye ndiye aliyewapeleka. Alisema habari ya mfuko, na paji lake la uso. Hapo watu wakaanza kuguna, mtu mmoja akasema "yuck" kwa Kiingereza, na mjukuu fulani akacheka akapigwa kofi.

"Lakini tulikuwa tunasikia harufu," ilikuja sauti ya Mohamedraza, mwenye duka la vioo, mtu asiyejua kunong'ona. "Kila mwaka. Mimi nilikuwa naziba pua. Kwani nyie hamkuwa mnaziba?"

Watu wakayainamia mazulia. Wote walikuwa wameziba. Kila mmoja alidhani ni pua yake tu yenye dhambi, na kusema ni kumkosea Mzee heshima.

Vichupa vikapitishwa. Majina yalikuwa yameandikwa kwenye vibandiko vya dawa, kila mtu akachukua chake. Wale wabishi, waliokataa kuambiwa habari ya plastiki, walirudishiwa barua zao kavu, wino wa zafarani haujapauka. Wengine mikono yao ilibaki mitupu, wakitazama beseni linavyoisha.

"Na sisi wa unga?" aliuliza mama mmoja upande wa wanawake, Bi Nargis, aliyekuwa akikaa na Zahraa kila Alhamisi goti kwa goti, akimfundisha kupika. "Zetu ziko wapi, Mzee?"

Mzee alifungua mdomo. Zahraa akasimama.

"Zimekwenda jaani leo asubuhi," alisema kwa nguvu ili wa upande wa pili wasikie. "Nimetia sahihi mimi. Na mimi ndiye niliyewaambia mtie unga. Nilijua bwawa lile ni la nini, nikawaambia habari ya plastiki tu. Ya mama yangu pia imo. Nawaomba radhi."

Akakaa. Hakuna aliyempigia kelele, na afadhali wangempigia. Sufra ikatandikwa sakafuni, pilau ikaja. Na Bi Nargis, bila kusema neno, akalikusanya buibui lake, akalivuta upande wake, ncha kwa ncha, lisimguse Zahraa. Kisha akasogea. Aliyekuwa kulia naye akasogea. Pakabaki nafasi ya mtu mzima kila upande, na katikati Zahraa na sahani yake, mikono imeoshwa kwa sabuni mara kumi wiki nzima, na yeye mwenyewe bado anaisikia harufu kwenye kucha. Hakuweza kuwalaumu. Hata yeye angesogea.

Ghafla pazia la ngazi likafunguka. Bi Shamshad, mama mkwe wake, alikuwa anateremka na bakuli la kachumbari. Alisimama akaiangalia sufra, akaangalia ile nafasi. Bi Shamshad alikuwa na barua nne za unga kwenye tope lile, na tangu asubuhi hakuwa amemsemesha mkwewe hata neno. Aliliweka bakuli chini. Akaja akakaa kwenye nafasi ya kulia, akipumua kwa nguvu kwa ajili ya magoti yake, na hakuagiza sahani. Alinyoosha mkono wake akaumega wali kwenye sahani ya Zahraa, pale pale vidole vya Zahraa vilipogusa, akautia kinywani, akatafuna.

"Haujaiva," alisema. "Kula, kabla haujapoa."